SINDANO NA SUFU
Maisha ya Bibi Mary Linwood, mwalimu wa Leicester

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na ushirika katika siku za Yubile)



Katika siku hizi mmekwisha kusikia habari za watu waliojenga, na watu waliofundisha, na watu waliosafiri mbali kwa miguu. Habari hizo ni njema, wala sina la kuziongeza. Mimi nimeombwa niseme juu ya kazi ya mikono. Na katika kazi zote za mikono nimechagua ile iliyo ndogo kabisa machoni, yaani kazi ya sindano. Maana sindano haina kelele. Shoka likilia msituni husikiwa hata ng'ambo ya bonde, na nyundo ya mwashi huamsha kijiji kizima. Lakini mwanamke aketiye barazani na nguo yake magotini aweza kufanya kazi mchana kutwa, hata jirani yake asijue kwamba amefanya kazi. Tena jioni, aikunjapo nguo ile, pengine kazi ya siku nzima haizidi upana wa kiganja.

Basi nitawasimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Uingereza, jina lake Bibi Mary Linwood. Huyu hakuwa fundi wa kushona kwa ujira. Alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, na kudarizi kulikuwa kazi ya saa zake mwenyewe, masomo yakiisha. Hata hivyo alipewa nishani, akaitwa mbele ya Malkia, na watu wa mji mkuu walilipa kiingilio ili waione kazi yake. Kisha alipokwisha kufa, kazi ile ile iliuzwa mnadani kwa bei ya kusikitisha. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo kila mwalimu na kila mama hujiuliza moyoni: Kazi njema hupimwa kwa kipimo gani, na ni nani mwenye haki ya kuipima?

UTOTO WAKE NA SHULE YAKE

Mary Linwood alizaliwa mwaka wa 1755 katika mji wa Birmingham. Mwaka wa 1764, alipokuwa bado mtoto mdogo, jamaa yake ilihamia Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza. Huko mama yake alifungua shule ya bweni ya wasichana, na binti akakua humo humo shuleni. Kwanza mtoto wa nyumba, kisha msaidizi wa mama yake, na mwisho mkuu wa shule. Hakuolewa. Alifundisha zaidi ya miaka hamsini, nayo ni miaka ya yubile nzima, akiwapokea watoto wa watu na kuwarudisha kwao wanawake.

Yafaa mjue pia kwamba Leicester ulikuwa mji wa sufu. Kondoo wa nchi ile wana sufu ndefu, na watu maskini kwa maelfu walijipatia chakula chao kwa kufuma soksi katika mitambo iliyowekwa majumbani mwao. Basi sufu haikuwa kitu kigeni kwa mtoto huyu. Aliiona sokoni, aliiona njiani, aliiona mikononi mwa wake kwa waume. Wengine waliona ndani yake soksi na blanketi. Yeye aliona rangi.

Katika siku zile msichana wa Kiingereza alifundishwa sindano tangu utoto. Alipewa kitambaa cha mazoezi, akashona juu yake herufi za alfabeti na tarakimu, pengine na nyumba na mti, na chini akaweka jina lake na umri wake. Vitambaa vya namna hiyo vipo vingi hata leo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza, na ukivitazama utaona mahali ambapo mtoto alichoka, na mahali ambapo aliambiwa afumue na kuanza tena. Mary naye alipita katika njia hiyo. Lakini inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 13 alikwisha kutengeneza picha yake ya kwanza kwa uzi. Si herufi wala mapambo ya ukingo, bali picha kamili.

JINSI ALIVYOFANYA KAZI

Hapa nitasimama kidogo, kwa ajili ya wale wanaoijua sindano. Sisi wa pwani na wa bara tunaijua kazi ya kudarizi kwa kofia za viua, na kwa shingo za kanzu, na kwa vitambaa vya madhabahu. Katika kazi hizo nakshi hurudiwa kwa mpango: ua kwa ua, jicho kwa jicho, na uzuri wake ni ule usawa. Kazi ya Bibi Linwood ilikuwa ya namna nyingine. Yeye alitaka uzi ufanye kazi ya brashi ya mchoraji.

Alichukua nguo nene iliyofumwa makusudi kwa kazi hiyo, akachora juu yake mistari ya picha, kisha akaanza kuifunika yote kwa sufu, asiache hata mahali pa ukubwa wa punje ya mtama. Mishono yake haikuwa ya urefu mmoja. Palipokuwa na anga tulivu aliuvuta uzi mrefu. Palipokuwa na manyoya ya mnyama, au mkunjo wa shavu la mtu, alishona mifupi, mingine ikielekea huku na mingine kule, kama vile mchoraji anavyopeleka mkono wake. Na kwa kuwa uzi hauchanganyiki na uzi mwenziwe kama rangi zichanganyikavyo kibaoni, ilimpasa kuwa na sufu za rangi nyingi mno, nyeusi-nyeusi hata nyeupe, kila moja ikipishana na jirani yake kidogo tu. Sufu hizo zilitiwa rangi kwa agizo lake mwenyewe huko Leicester. Mchoraji akikosea hupaka juu. Mdarizi akikosea hufumua. Fikirini basi ni mara ngapi alifumua.

Picha hizo nyingi zilikuwa kubwa, nyingine zikilingana na picha za rangi zilizotundikwa katika nyumba za wakuu. Watu waliosimama mbali kidogo waliapa kwamba wanaona mafuta na rangi. Walipokaribia ndipo walipotambua kuwa ni sufu ya kondoo.

MLANGO ULIOFUNGWA NA MLANGO ULIOFUNGULIWA

Mwaka wa 1768 wachoraji na wachongaji wa Uingereza waliunda Chuo cha Kifalme cha Sanaa katika London. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo wanawake wawili wachoraji, Angelica Kauffman na Mary Moser. Lakini mwaka wa 1770 chuo kile kiliweka sheria kwamba kazi ya sindano, na maua ya bandia, na karatasi zilizokatwa, na mapambo ya makombe, visipokewe katika maonyesho yake. Maana yake ni kwamba vitu hivi ni mchezo wa wanawake majumbani, wala si sanaa. Mlango ule ulifungwa, na hapana mshono uliokuwa mzuri kiasi cha kuufungua.

Bibi Linwood hakukaa kuugonga. Alipeleka kazi zake kwa chama kingine cha wasanii, nacho kilizipokea mwaka wa 1776, na tena mwaka wa 1778. Kisha mwaka wa 1786 Chama cha Kutia Moyo Sanaa, Viwanda na Biashara, kilichoanzishwa London mwaka wa 1754, kilimpa nishani kwa jinsi alivyoweza kuiga picha kwa sindano. Wahenga walisema, Chanda chema huvikwa pete. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama 31, mwalimu wa mji wa mbali, asiye na mlinzi mkubwa wala jina la ukoo wa kifahari.

Nishani ile ilikuwa na kazi yake, wala tusiidharau. Kwa ajili ya sifa hiyo watu walianza kuuliza, Ni nani huyu? Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu, alitaka kuziona picha zake, na Bibi Linwood akaalikwa Windsor. Lakini angalieni jambo moja: Mwaka ule wa nishani ulipokwisha, hakuifunga shule. Alirudi Leicester kwa wanafunzi wake. Nishani ilikaa sandukuni, na sindano ikarudi mkononi.

MAONYESHO YA LONDON

Mwaka wa 1798 alifungua maonyesho yake mwenyewe katika ukumbi wa Hanover Square, London. Baadaye picha zilipelekwa Scotland na Ireland, na tangu mwaka wa 1809 zikapata makao katika nyumba iliyoitwa Savile House, katika uwanja wa Leicester Square, zikakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake. Idadi ya picha ilifika kama 64. Mgeni alilipa kiingilio akaingia katika ukumbi mrefu uliofunikwa kitambaa chekundu. Kisha alipita katika njia ya giza mpaka mahali palipotengenezwa kama gereza, na ndani yake akamwona Bibi Jane Grey, yule aliyekuwa malkia wa siku chache tu kabla ya kuuawa mwaka wa 1554, akiwa kifungoni. Mahali pengine palikuwa kama nyumba ya mkulima, na dirishani wakaonekana watoto wa shamba waliochorwa kwanza na Gainsborough. Na mahali pengine tena palikuwa kama pango, na ndani yake wanyama wakali waliochorwa kwanza na Stubbs. Inasemwa kwamba maonyesho haya ndiyo ya kwanza ya sanaa kuangazwa kwa taa za gesi.

Mmesikia nimesema, "waliochorwa kwanza na" fulani. Naam, karibu picha zote za Bibi Linwood ziliigwa kutoka kwa wachoraji wengine: Raphael wa Italia, na Carlo Dolci, na Waingereza kama Reynolds, Gainsborough, Stubbs, na Morland. Watu wengine husema, Basi aliiba sifa ya wenziwe. Kunakili si kubuni. Neno hilo lina ukweli nusu, na nusu ya pili ndiyo ninayotaka mwione.

Wakati maonyesho yake yalipofunguliwa, London haikuwa na jumba la picha la taifa. Jumba hilo, ambalo watu wote huingia, lilianzishwa mwaka wa 1824. Kabla ya hapo picha nyingi zilizo bora zilikuwa ndani ya nyumba za mabwana, na mtu wa kawaida hakuzikaribia. Bibi huyu alizichukua kwa macho yake, akazishona upya kwa uzi, akazitundika mahali ambapo mtu wa dukani na mkewe waliweza kuziona kwa kulipa kiingilio. Je, mfasiri wa kitabu hubuni maneno ya kitabu? Habuni. Lakini bila yeye wengi hawangekisoma. Tena atakayefasiri vizuri hana budi kuijua lugha yake mwenyewe hata vilindi vyake. Lugha ya Bibi Linwood ilikuwa sufu.

ALICHOKATAA KUUZA

Inasimuliwa kwamba Malkia wa Urusi, Catherine, alitaka kuununua mkusanyo wote kwa paundi 40,000, naye akakataa, kwa kuwa alitaka kazi yake ikae katika nchi yake. Na picha iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile iliyoitwa Mwokozi wa Ulimwengu, aliyoinakili kwa kazi ya Carlo Dolci. Husemwa kwamba kwa picha hiyo peke yake alitolewa gini 3,000. Gini moja ilikuwa shilingi 21, kwa hiyo hesabu yake ni paundi 3,150. Na kwa mwalimu wa shule ule ulikuwa utajiri mkubwa. Naye alikataa. Katika wasia wake alimwachia Malkia Victoria picha hiyo, bila malipo.

Msinifahamu vibaya. Sisemi kwamba mtu asiuze kazi ya mikono yake. Mama anayedarizi kofia usiku ili apate karo ya mtoto anafanya jambo la heshima, na atakayempunguzia bei kwa ujanja anamwibia. Bibi Linwood alikuwa na shule, na kiingilio cha maonyesho, basi aliweza kukataa. Ninalosema ni hili tu: Alijua tofauti ya kitu cha kuuza na kitu cha kutoa, na hakuacha bei kubwa imchanganye.

KAZI YA MWISHO

Alipokuwa mzee alianza picha nyingine kubwa, Hukumu ya Kaini. Habari yake mnaijua: ndugu wawili walileta sadaka, ya mmoja ikakubaliwa na ya mwingine isikubaliwe, na wivu ukazaa mauaji. Picha ile inaonyesha saa ya hukumu. Alishona picha hiyo kwa muda wa miaka kumi, akaimaliza alipokuwa na umri wa miaka 75. Miaka kumi, waalimu wangu! Mtoto aliyezaliwa siku ile uzi wa kwanza ulipopita katika nguo, angekuwa tayari anajua kusoma na kuandika siku uzi wa mwisho ulipokatwa. Baada ya hapo macho yalikuwa yamechoka, naye akaiweka sindano chini.

Katika uzee wake watu wa Leicester walimjua kwa jambo moja la kuchekesha kidogo. Magari ya farasi yalijaa njiani, na hata gari la moshi lilikuwa limekwisha kuingia katika mji ule, lakini yeye bado alichukuliwa kwa machela, wanaume wawili wakimbeba, mmoja mbele na mmoja nyuma. Inasemwa kwamba alikuwa mtu wa mwisho mjini kusafiri hivyo. Mwaka wa 1844 alikwenda London kuyatazama maonyesho yake kama desturi yake ya kila mwaka, akashikwa na ugonjwa huko, akarudishwa nyumbani. Alifariki tarehe 2 Machi 1845, naye ana miaka 89, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Margaret, Leicester.

MNADA

Sasa nafika mahali pazito. Baada ya kifo chake mkusanyo ulitolewa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, na jumba likakataa kuupokea. Mwaka wa 1846 picha zilipelekwa kwa madalali wa Christie's, London, zikauzwa moja moja. Zote pamoja hazikufika paundi 1,000. Hukumu ya Kaini iliuzwa kwa paundi 64 na shilingi moja. Gawanyeni kwa miaka kumi. Mtaona kwamba kila mwaka wa kazi ile ulilipwa chini ya paundi 6 na nusu.

Sababu ilikuwa nini? Sufu haikuwa imeoza, wala mishono haikuwa imefumuka. Macho ya watu ndiyo yaliyogeuka. Picha za rangi zilikuwa zimepata jumba lao, na watu walianza kuona kwamba sufu inayojifanya rangi ni kitu cha mzaha. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri, aliyataja maonyesho yale katika hadithi ya David Copperfield, iliyoanza kuchapwa mwaka wa 1849, wala hakuyataja kwa kuyaheshimu sana. Baadaye, katika miaka ya mwisho ya karne ile, mafundi wapya wa kudarizi walifundisha kwamba sindano iache kuiga brashi, ijifuate yenyewe. Nao walikuwa na haki katika neno hilo.

Methali yetu husema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naiheshimu methali hiyo, lakini mnada wa mwaka 1846 unaonyesha kwamba haitoshi. Picha iliyokataliwa kuuzwa kwa maelfu, na picha iliyouzwa kwa makumi, zilitoka katika mkono mmoja na kikapu kimoja cha nyuzi. Bei ilibadilika, mshono haukubadilika.

WAAMUZI WATATU

Basi turudi kwenye swali letu. Bibi Linwood alipata waamuzi watatu. Wa kwanza ni sheria ya chuo, iliyosema, Hii si sanaa, kabla ya kuitazama. Wa pili ni chama kilichotoa nishani, kikasema, Hii ni kazi bora. Wa tatu ni mnada, uliosema, Hii ni paundi 64. Kama kipimo cha kazi ni maneno ya watu, basi kazi ile ile ilikuwa si kitu, na kubwa, na ndogo, yote kwa pamoja. Na hilo haliwezekani.

Mimi naona kwamba kila mwamuzi alipima alichoweza kukiona. Chuo kiliona sindano, hakikuona mkono. Chama kiliona ustadi, kikafanya vyema kuusifu. Mnada uliona bidhaa. Lakini hakuna hata mmoja katika hao aliyeona saa zenyewe: mshumaa wa jioni, na uzi uliofumuliwa mara ya tatu kwa sababu kivuli cha shavu kilikuwa cheusi mno kidogo. Saa hizo alizijua mwenyewe. Kwa sababu hiyo aliweza kuipokea nishani bila kulewa, na kuifuata kazi ya miaka kumi bila kuuliza atalipwa nini. Aliyeipima kazi yake kwanza ndani ya nafsi yake, sifa haimwinui mno, na dharau haimwangushi mno.

Tena kuna kazi yake nyingine ambayo hakuna mwamuzi aliyeipima hata kidogo: wasichana waliopita katika shule ile kwa nusu karne. Hao hawakutundikwa ukumbini, wala hawakupigiwa mnada. Walikwenda majumbani kwao, wakafundisha watoto wao kusoma, nao watoto wao wakafundisha wengine. Waalimu, kazi yenu ni ya namna hiyo hasa. Mnashona mshono mmoja kwa siku, kiganja kimoja kwa jioni, na pengine hamtaiona picha nzima.

MAMBO MATATU YA KUFANYA

Sipendi tutoke hapa na maneno matupu. Kwa hiyo naomba mambo matatu yaliyo rahisi.

La kwanza ni kuandika majina. Katika makanisa mengi kuna kitambaa cha madhabahu kilichodariziwa zamani, tena kizuri, na ukiuliza ni nani aliyekishona, huambiwa, "Ni akina mama." Akina mama gani? Jina la mwashi limeandikwa katika jiwe la msingi, na jina la mfadhili limeandikwa ukutani. Bibi Linwood tunamjua kwa kuwa jina lake liliandikwa. Basi kila ushirika upate daftari moja, waulizwe wazee wangali hai, iandikwe: kitambaa hiki alikishona fulani, mwaka fulani, na maua haya maana yake ni hivi.

La pili ni la waalimu. Wafundisheni watoto kunakili vizuri, kwa maana asiyeweza kufuata mstari wa mwenziwe hataweza kuvuta wa kwake. Lakini msiwaache hapo. Bibi Linwood alikuwa na mkono ambao labda hapakuwa na mwingine kama huo katika nchi yake, na hata hivyo twauliza leo, Yeye mwenyewe angetuonyesha nini, kama angeshona alichokiona kwa macho yake katika mji wa Leicester: wafuma soksi, na soko, na wanafunzi wake wakiinama juu ya vitambaa vyao? Kunakili ni ngazi. Ngazi ni kitu chema, lakini hakuna mtu alalaye juu ya ngazi. Mtoto akishaweza kunakili ua la mwalimu, mpelekeni nje akalitazame ua la shambani.

La tatu ni la wote. Tukitoa tuzo, tutoe mapema, mtu angali na nguvu ya kufanya kazi. Nishani ya 1786 ilimfikia Mary Linwood akiwa na umri wa miaka 31, na baada yake alishona karibu miaka mingine 45. Sifa iliyochelewa mpaka mazishini haimshikizi mtu sindano.

Leo baadhi ya picha zake zinatunzwa. Ile ya Mwokozi imo katika mkusanyo wa Kifalme wa Uingereza. Picha ya Napoleon aliyoidarizi imo katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London, na humo imo pia sura yake mwenyewe, aliyoichora Hoppner, naye ameshika nyuzi za sufu mikononi. Wataalamu wa siku hizi wanaanza tena kuzitazama kazi hizo kwa heshima. Hao nao ni waamuzi wapya, na baada yao watakuja wengine. Sufu ingali mahali pake, kila uzi umelala kando ya mwenziwe kama alivyouacha.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia. Na akina mama walioleta kazi zao za sindano leo, zimewekwa juu ya meza ile upande wa kusini. Nendeni mkazitazame kwa karibu, na kabla ya kuuliza bei, ulizeni jina.